Rimoti imegoma? Ifungue, uisafishe, uirudishe kazini

Bibi mmoja jirani yetu wa Ujiji, anayekaa na mjukuu wake wa darasa la nne, alinikabidhi rimoti ya runinga akiwa ameifunga kwenye pindo la khanga kama mtu anavyofunga akiba yake. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, kisha akaniambia taratibu: "Mjukuu wangu, hii imekufa. Nimeambiwa nitafute nyingine." Batani ya kuongeza sauti ilikuwa imezama na haikurudi juu. Pembeni mwa namba palikuwa na mstari mwembamba wa rangi ya chungwa, na yeyote aliyekulia nyumba ya kupikia mawese angeujua mstari ule kabla hata ya kunusa.

Niliifungua usiku uleule. Hakuna kilichoungua. Mafuta ya mawese yalikuwa yamepenya chini ya mpira wa batani, yakachanganyika na vumbi, yakawa ulimbo. Kwa pamba, spiriti na sabuni ya vyombo, asubuhi ikawa nzima. Ndiyo maana naandika. Rimoti nyingi ninazoona zikitupwa hapa Kigoma hazijafa. Zimechafuka, au betri zimevujia ndani, au mguu mmoja wa taa yake ya mbele umeachia baada ya kuangushwa sakafuni. Haya yote mtu anaweza kuyashughulikia akiwa amekaa kwenye mkeka wake.

Kwanza ujue inavyofanya kazi

Ukielewa hili, nusu ya kazi umeimaliza. Ndani ya rimoti kuna bodi nyembamba yenye njia nyeusi au za shaba, na juu yake umelazwa mpira laini wenye batani zote. Chini ya kila batani, upande usiouona, kuna kidonge cheusi cha kaboni. Kwenye bodi, mahali pa kila batani, njia mbili zimeingiliana kama vidole vya mikono miwili ambavyo havigusani. Ukibonyeza, kile kidonge kinashuka, kinaziunganisha njia hizo, na chipu, yaani ubongo mdogo wa rimoti, inajua ni namba gani umetaka.

Hapo chipu inaiwasha taa ya mbele. Taa ile hutoa miale ya infraredi, kwa kawaida ya karibu nanomita 940, na jicho la mtu linaishia kwenye mwanga wa karibu nanomita 700. Kwa hiyo inawaka mbele yako na huioni. Katika rimoti nyingi inamemetuka kama mara 38,000 kwa sekunde, na runinga au king'amuzi kina jicho lililozoeshwa kusikiliza mdundo huo tu, kisichanganywe na mwanga mwingine wa chumbani.

Sasa angalia: kati ya kidole chako na runinga kuna betri, mpira, kidonge, bodi, chipu, taa, na jicho la upande wa pili. Kinachougua mara nyingi ni vile vya mwanzo, na ndivyo vinavyotibika nyumbani.

Pima kabla hujafungua

Chukua simu, fungua kamera, elekeza taa ya rimoti kwenye lenzi, ubonyeze batani ya kuwasha. Rimoti ikiwa nzima utaona kwenye kioo cha simu nuru ya zambarau au nyeupe ikimemeta. Tumia kamera ya mbele, ile ya kujipigia picha, kwa sababu kamera za nyuma za simu nyingi zina kichujio kinachozuia miale hiyo. Kabla ya kutoa hukumu, ijaribu simu yenyewe kwa rimoti ya jirani unayojua inafanya kazi. Ikiwa hata hiyo haionekani, simu yako haifai kwa kipimo hiki, azima nyingine.

Ukiona nuru kwa batani zote, mara nyingi rimoti haina kosa: tatizo liko kwenye runinga au king'amuzi. Nuru ikitoka kwa baadhi ya batani tu, hiyo ni shida ya uchafu au vidonge vya kaboni. Isipotoka kabisa, anza na betri. Na ukiona nuru inamemeta bila wewe kubonyeza chochote, kuna batani iliyokwama. Hii ya mwisho inawasumbua watu sana kwa sababu inakula betri mpya kwa siku chache, na wakati huohuo runinga haisikii amri nyingine. Ya bibi ilikuwa hivyo.

Kuna jambo moja la kwetu ambalo miongozo ya kwingine haitaji. Hapa jua linazama nyuma ya milima ya Kongo, ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, tena linachelewa kwa dakika kama 40 kuliko Dar es Salaam. Nyumba yenye dirisha la magharibi huingiza jua la jioni hadi ukutani, na kama runinga imekaa pale, jicho lake linamwagiwa miale ya infraredi ya jua kwa wingi mpaka lishindwe kuutambua mdundo wa rimoti. Mtu anasema rimoti yake hugoma saa kumi na moja jioni na kupona usiku. Huyo asifungue kitu. Avute pazia, ajaribu tena.

Betri

Toa betri zote mbili uzitazame. Betri iliyoandikwa LR03 ni ya alkali. Iliyoandikwa R03 ni ile ya kawaida ya bei nafuu, ya zinki na kaboni. Zote ni za volti 1.5, na rimoti nyingi huzitumia mbili kwa mfuatano kupata volti 3. Kama una mita ya kupimia umeme, betri mpya itasoma 1.5 au zaidi kidogo. Ikishuka chini ya 1.2, badilisha. Badilisha zote mbili kwa pamoja, za aina moja. Ukichanganya nzima na iliyochoka, ile iliyochoka itaburutwa hadi ivuje.

Wengi wetu tumekua tukianika mawe ya redio juani, au kuyang'ata kidogo ili yatoe nguvu ya mwisho. Usifanye hivyo na betri za rimoti, na mtoto asifanye kabisa. Joto huipa betri nguvu ya muda mfupi tu, kisha ganda linaachia na dawa inatoka. Ukiing'ata, dawa hiyo inaingia mdomoni.

Ukikuta unga mweupe au wa kijani kwenye springi, betri imevuja. Vaa glavu au funga kidole kwa kipande cha plastiki, na usijiguse machoni. Kama ilikuwa ya alkali, chovya ncha ya kijiti cha pamba kwenye siki au maji ya ndimu, gusa ule unga kidogokidogo. Utachemka na kuyeyuka. Kama ilikuwa R03, kitambaa chenye unyevunyevu kinatosha. Kwa vyovyote malizia kwa kitambaa kilicholoweshwa maji safi kidogo, kisha kikavu, halafu sugua springi na kibati kwa msasa laini hadi chuma king'ae. Usiache ndimu ndani, maana nayo italeta kutu.

Kisha fanya hivi, huenda usihitaji hata kufungua: betri zikiwa nje, shikilia batani ya kuwasha kwa sekunde 15 hivi. Umeme uliobaki ndani unaisha, na chipu iliyoganda inaanza upya. Weka betri, jaribu kwenye kamera.

Kufungua

Huhitaji vifaa vingi. Tafuta bisibisi ndogo ya nyota, kipande cha plastiki kigumu na chembamba, pamba, spiriti ya duka la dawa ya asilimia 70 au zaidi, sabuni ya maji ya vyombo, na mswaki wa zamani wenye nywele laini. Kwa plastiki, mimi natumia ile kadi inayobaki baada ya kumega laini ya simu. Ina unene unaofaa na haiumizi ganda. Kisu acha jikoni. Kitachubua ukingo na kinaweza kukata kidole, kwa sababu ganda likiachia, mkono unakwenda nao.

Tandika kitambaa cheupe ili skrubu isipotee. Tafuta skrubu ndani ya nyumba ya betri, mara nyingi ni moja au mbili. Kama huzioni, pitisha kidole gumba juu ya stika ya nyuma ukiikandamiza. Mahali panapobonyea ndipo skrubu ilipojificha. Rimoti nyingine hazina skrubu hata moja, zimeshikwa kwa vijino vya plastiki vya ndani tu.

Baada ya skrubu, tafuta mstari unaogawa ganda la juu na la chini. Anza ubavuni, karibu na nyumba ya betri, mbali na taa. Ingiza kona ya kadi, isokote kidogo kama unavyofungua kopo, subiri mlio wa "tak". Huo ni mlio wa kijino kilichoachia, hakijavunjika. Acha kadi hapohapo, chukua kipande kingine usogee mbele. Usivute kwa hasira. Kijino kikikatika, ganda halitafunga vizuri tena na vumbi litaingia kila siku.

Ganda likifunguka, simama. Piga picha kabla hujagusa kitu: mpira umekaaje, springi ipi iko upande gani, taa imeelekea wapi. Baada ya hapo inua bodi taratibu. Kwenye rimoti nyingine bodi nayo imebanwa kwa vijino viwili. Visukume pembeni kwa ukucha.

Kuosha, sehemu inayotaka subira

Hapa ndipo kazi ilipo, na ndipo watu wengi wanapoharibu kwa haraka.

Ukiushika mpira na kuugeuza, utaona kama jasho la mafuta limetapakaa, linang'aa ukilielekeza kwenye mwanga. Sehemu yake ni mafuta ya vidole na chakula, na sehemu nyingine ni mafuta ya silikoni yanayotoka kwenye mpira wenyewe kadiri unavyozeeka. Kwa hiyo hata nyumba safi kabisa, rimoti yake itafika siku hiyo. Kwenye rimoti ya bibi, chini ya batani ya sauti palikuwa na kitone cha mawese kilichoganda, kimemeza vumbi jekundu na unywele mmoja mweupe. Kidonge chake cheusi kilikuwa kimegandia pale.

Weka maji ya uvuguvugu kwenye bakuli, tone la sabuni ya vyombo, loweka mpira dakika kumi. Mpira na ganda tu, bodi isiguse maji. Upande wa juu wenye namba piga mswaki kwa upole. Ukisugua kwa nguvu maandishi yatafutika. Upande wa chini tumia ncha ya kidole. Vile vidonge vyeusi usivipige mswaki, usivikwaruze kwa wembe, wala usivipitishie msasa. Kaboni ile ni tabaka jembamba, na ukiiondoa hairudi. Suuza kwa maji safi mara mbili, kung'uta, uulaze kwenye kitambaa kivulini saa mbili au tatu. Ndani ya kila batani kuna shimo linaloficha tone la maji, kwa hiyo ubonyeze kila moja kabla ya kusema mpira umekauka.

Bodi nayo isafishwe kwa pamba iliyonyevuliwa spiriti, isiwe inatiririka. Futa mara moja, tazama pamba, geuza upande safi, futa tena. Pamba ikitoka na doa la njano au la rangi ya udongo ni mafuta, endelea. Ikianza kutoka nyeusi, acha hapohapo. Njia nyingi za bodi zimechorwa kwa kaboni, na weusi huo ndio njia yenyewe unayoifuta. Vidonge navyo viguse kwa pamba yenye spiriti kidogo, mguso mmoja kila kimoja.

Petroli usiitumie. Niliwahi kuitumia nikiwa kijana kwa rimoti ya baba. Ganda lilififia likawa kama lina ukungu, na namba zote zikaondoka. Asetoni ya kuondolea rangi ya kucha nayo inayeyusha plastiki. Mafuta ya taa yanaacha utando unaoita vumbi. Gongo ina maji na vitu vingine visivyojulikana. Spiriti ya duka la dawa inatosha.

Batani iliyolika

Umesafisha, umekausha, na bado batani ya kuwasha inataka kubonyezwa kwa kidole gumba kwa nguvu zote. Hapo kaboni imekwisha. Linganisha kidonge chake na cha batani isiyoguswa kamwe: kile cha pili ni cheusi tii, hiki kimekuwa kijivu, labda kimetoboka.

Dawa ya muda ni penseli laini, 2B au zaidi. Sugua ncha yake juu ya kidonge hadi king'ae, kisha pulizia vumbi lake lisibaki kwenye bodi. Itakaa wiki kadhaa.

Dawa ya kudumu zaidi mnaijua wengi: karatasi ya fedha ya ndani ya pakiti ya sigara, au foili ya jikoni. Kata kiduara kidogo kuliko kidonge, ukibandike upande wa metali ukitazama bodi. Tatizo ni gundi. Ile gundi kali ya kukauka mara moja, inayouzwa kila kioski, haishiki mpira wa silikoni. Itashika siku mbili, kisha kiduara kitabanduka na kuzurura ndani, kiziunganishe njia zisizohusika. Kinachoshika silikoni ni silikoni yenyewe, ile ya kuzibia vioo vya madirisha ya aluminiamu. Mwombe fundi wa madirisha tone moja kutoka kwenye bomba analomalizia. Hilo linatosha batani kumi. Paka kwa ncha ya kijiti, nyembamba sana, bandika, acha saa 24 kabla ya kuirudisha. Gundi ikipanda juu ya foili umeme hautapita, itabidi uanze upya.

Njia ninayoipenda kuliko zote ni kuhamisha. Karibu kila rimoti ina batani ambazo nyumba nzima haijawahi kuzigusa. Kwa wembe mpya menya kidonge cha batani kama hiyo kikiwa na ngozi kidogo ya mpira nyuma yake, ukibandike kwa silikoni mahali pa kile kilicholika. Inataka mkono uliotulia na mwanga mzuri, lakini hapo umerudisha kaboni halisi.

Iliyoanguka

Rimoti iliyokufa baada ya kuanguka huwa na shida nyingine. Itikise karibu na sikio. Kama kuna kitu kinacheza, fungua ukitafute. Kagua miguu ya taa na springi za betri zinapoingia kwenye bodi: ufa mwembamba wa duara kuzunguka mguu maana yake risasi ya kulehemu imeachia. Bonyeza taa kwa kidole huku mwenzako akitazama kwenye kamera. Ikiwaka na kuzima, umepata.

Kama una chuma cha kulehemu na umezoea, pasha mguu na bodi kwa pamoja, ongeza risasi kidogo, usizidishe sekunde tatu. Lehemu mahali penye hewa, watoto wakiwa mbali, unawe mikono baada ya kazi. Kama hujawahi kushika chuma hicho, mpelekee fundi wa redio bodi ukiwa umeshaisafisha na umwonyeshe ufa ulipo. Hiyo ni kazi ya dakika chache. Taa ikihitaji kubadilishwa, itoe kwenye rimoti nyingine mbovu. Ikiwa mpya, mguu mrefu ndio wa chanya. Rimoti nyingi, hasa za zamani, zina pia kidude cha kauri chenye miguu miwili au mitatu, ndicho kinachoshika mdundo wa chipu. Kinapasuka kwa kuanguka bila kuonyesha jeraha nje, na nacho hubadilishwa kwa chenye namba ileile.

Chipu ikifa, nunua nyingine. Hapo hakuna tiba ya nyumbani.

Kufunga

Rudisha kwa kufuata picha uliyopiga. Mpira uingie kwenye ganda la juu kwanza, kila batani itokeze kwenye tundu lake bila kukazwa, kisha bodi, kisha springi. Kabla ya kubana ganda, weka betri, zishike kwa kidole, pitia batani moja moja mbele ya kamera. Ukifunga kwanza na ukakuta moja haifanyi kazi, utavihangaisha tena vijino vilevile. Zote zikiwaka, bana ganda kwa viganja kuanzia upande wa taa mpaka usikie milio, ndipo ufunge skrubu, bila kuikaza kupita kiasi, kwa kuwa imeshikilia plastiki.

Zile rimoti mpya za runinga za intaneti zenye maikrofoni hutuma baadhi ya amri kwa bluetooth. Kwenye kamera unaweza kuona batani ya kuwasha tu ndiyo inayomemeta, nawe usidhani nyingine zimekufa. Baada ya kuzitoa betri, nyingine hudai kuunganishwa upya na runinga. Fuata maelekezo yanayotokea kwenye kioo.

Wanaofunika rimoti kwa plastiki wanafanya vizuri, hasa nyumba zenye watoto na jiko la karibu. Ibadilishe ikichanika, na usiifunike rimoti ikiwa bado na unyevu. Ukisafiri kwa muda mrefu, toa betri. Zilizokwisha ziweke kwenye chupa yenye kifuniko mbali na watoto. Zisitupwe jikoni kwenye moto, maana hupasuka.

Niliporudisha ile ya Ujiji, mjukuu alikuwa ameshasogeza kigoda mbele ya runinga. Bibi aliishika, akabonyeza ya sauti mara tatu akiangalia kioo, kisha akaifuta kwa pindo la khanga na kuiweka rafuni, upande wa pili wa chumba, mbali na chungu cha mawese.